Kabla Hujamwomba Ndugu Yako Ini

Familia nyingi husikia habari za kupandikiza ini siku ileile zinaposikia kwamba mtu wao ana saratani. Daktari anaonyesha picha za CT, anaeleza kuwa ini limesinyaa na lina uvimbe, kisha anataja India. Usiku huohuo kikao kinakaa. Kundi la WhatsApp linaulizana nani ana kundi gani la damu, na macho ya wakubwa yameshamwelekea mmoja: kijana ambaye hajaoa, au binti aliyesomeshwa na mgonjwa, au kitinda mimba aliyezoea kutumwa. Hakuna bado anayejua kama saratani hiyo inatibika kwa ini jipya, lakini mtu wa kukatwa ameshapatikana.

Mwongozo huu unakuomba ugeuze mpangilio huo. Saratani ipimwe kwanza, mtu aulizwe baadaye. Ombi la ini likishatamkwa halirudi. Hata madaktari wakija kusema halikuwa na maana, aliyeombwa akasita ataishi nalo, na aliyesitiwa pia. Kwa hiyo usimtamkie mtu yeyote mpaka umepata majibu ya maswali yaliyomo humu.

Kinachotolewa, na hatari yake

Ini lina sifa ambayo viungo vingine vya ndani havina: likikatwa sehemu, hukua tena na kukaribia ukubwa wake wa awali ndani ya miezi michache. Ndiyo maana mtu hai anaweza kulitoa. Mtoto mdogo hutosheka na kipande kidogo cha upande wa kushoto. Mtu mzima kwa kawaida huhitaji upande wa kulia, ambao ni karibu asilimia 60 ya ini lote. Anayetoa hubakishiwa angalau asilimia 30, na timu nyingi hutaka 35. Kipande chenyewe hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, na kiwango cha kawaida ni kisipungue asilimia 0.8. Mgonjwa wa kilo 80, basi, anahitaji gramu 640 hivi. Dada mwenye mwili mdogo anaweza kukataliwa kwa hesabu hiyo tu, hata kama moyo wake umeshakubali.

Sasa hatari. Kwa upande wa kulia, makadirio ambayo wataalamu huwaeleza wachangiaji ni kifo kimoja katika kila watu 200 hadi 500. Kwa upande wa kushoto ni karibu kimoja katika 1,000. Kati ya wachangiaji kumi, wawili hadi wanne hupata tatizo fulani baada ya upasuaji: nyongo kuvuja, maambukizi, damu kuganda mishipani, au ngiri kwenye kovu. Mengi hupona, lakini huyu ni mtu aliyeingia hospitalini akiwa mzima. Hakuna ugonjwa wake unaotibiwa. Anakatwa kwa ajili ya mwenzake, na uhalali wote wa kumkata unategemea mambo mawili: kwamba amependa mwenyewe, na kwamba mwenzake atapata faida inayolingana na hatari hiyo.

Kwa nini saratani inabadilisha hesabu

Mtoto aliyezaliwa mirija ya nyongo ikiwa imeziba akipandikizwa ini, ugonjwa unaondoka na ini la zamani. Saratani haitoi ahadi hiyo. Chembe zake zinaweza kuwa zimeshatoka nje ya ini kabla ya upasuaji, na dawa ambazo mgonjwa atameza maisha yake yote ili mwili usilikatae ini jipya hupunguza kinga ambayo ingepambana nazo. Zawadi ileile, yenye hatari ileile kwa mtoaji, inaweza kuleta miaka ishirini kwa mgonjwa mmoja na miezi minane kwa mwingine.

Tofauti hiyo hupimika. Mwaka 1996 Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan, Italia, walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 wenye saratani iliyoanzia kwenye ini lililosinyaa. Walipandikiza pale tu uvimbe ulipokuwa mmoja usiozidi sentimita 5, au usiozidi sehemu tatu na hakuna unaopita sentimita 3, bila kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu na bila kusambaa nje. Baada ya miaka minne, asilimia 75 walikuwa hai. Kabla ya hapo matokeo yalikuwa mabaya kiasi kwamba hospitali nyingi zilikuwa zimeanza kuiacha tiba hiyo. Vigezo vya Milan bado ndivyo kipimo cha kwanza duniani, ingawa kuna vilivyolegezwa, kama vile vya San Francisco vya mwaka 2001, vinavyoruhusu uvimbe mmoja wa hadi sentimita 6.5.

Utasikia hoja hii: ini la marehemu ni mali ya foleni nzima, kwa hiyo masharti yawe makali, lakini ini la ndugu ni la familia, kwa hiyo wenyewe waamue hata kama uvimbe ni mkubwa. Sehemu ya kwanza ni kweli. Sehemu ya pili ina mwisho wake. Uvimbe unapokuwa mkubwa, faida ya mgonjwa hupungua, ila hatari ya mchangiaji haipungui hata chembe. Timu makini inaweza kuvuka mipaka ya Milan kidogo kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake umetulia baada ya matibabu. Lakini saratani ikishaingia kwenye mshipa mkuu wa ini na kukaa humo, au ikishafika mapafuni au mifupani, jibu la kawaida ni kwamba hakuna wa kuombwa.

Zipo saratani nyingine zinazotajwa siku hizi. Kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa kwenye ini pekee, madaktari wa Oslo, Norway, walianza jaribio mwaka 2006. Kati ya wagonjwa wao 21, asilimia 60 walifikisha miaka mitano. Mwaka 2024 utafiti wa TransMet, uliofanyika Ufaransa, Ubelgiji na Italia, ulionyesha kwamba karibu asilimia 57 ya waliopangiwa kupandikizwa pamoja na dawa walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 13 ya waliopata dawa peke yake. Habari hizi ni njema, na ni rahisi kuzitumia vibaya. Wagonjwa hao walichujwa kwa ukali: uvimbe wa utumbo ulikuwa umeshaondolewa, hapakuwa na saratani nje ya ini, na dawa zilikuwa zimeizuia kwa miezi mingi. Mtu akikuambia ini jipya linatibu saratani yoyote iliyofika kwenye ini, hajakueleza ukweli.

Maswali ya kumpelekea daktari kwanza

Yaandike kwenye karatasi, na majibu yaandikwe pia.

1. Saratani hii imeanzia kwenye ini au imetoka mahali pengine?
2. Kuna uvimbe sehemu ngapi, mkubwa kuliko wote una sentimita ngapi, na umeingia kwenye mshipa wa damu?
3. Kifua na mifupa vimepigwa picha ili kuhakikisha saratani haijasambaa?
4. Kipimo cha damu kiitwacho AFP kinasoma ngapi, na kinapanda au kinashuka?
5. Uvimbe unaweza kukatwa bila kupandikiza, kuchomwa kwa sindano ya joto, au kuzibiwa mishipa inayoulisha?
6. Baada ya matibabu hayo tungoje muda gani kabla ya kuamua? Timu nyingi hungoja miezi mitatu au zaidi. Kungoja huko ni kipimo: uvimbe unaoendelea kukua ukiwa unatibiwa una dalili zote za kurudi kwenye ini jipya.
7. Akipandikizwa, uwezekano wa kuishi miaka mitano ni kiasi gani? Asipopandikizwa je?
8. Ini jipya likishindwa katika siku za mwanzo, kitafanyika nini?

Swali la mwisho ni zito kwa anayesafiri. Nchini India maini ya marehemu hugawiwa raia kwanza, na wageni huja mwisho. Kwa hiyo familia ikiwa ugenini, na ini la ndugu wa kwanza limeshindwa, inaweza kujikuta inampigia simu wa pili usiku, bila muda wa kufikiri. Amueni mkiwa nyumbani kama hilo litafanyika au la.

Kisha tafuteni rai ya pili. Pelekeni picha na majibu ya damu kwa bingwa wa ini ambaye hatalipwa chochote mgonjwa akisafiri.

Ukiwa wewe ndiye unayetakiwa kutoa

Utaambiwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli haiwezi kutumiwa kama fimbo: moyo ukilazimishwa, kilichotoka si utoaji tena. Hiari yashinda utumwa, na hapa hiari ndiyo sharti la kwanza la tiba yenyewe.

Dai mambo manne kabla ya kusaini chochote. La kwanza, daktari wako mwenyewe, asiyemtibu mgonjwa. Mwaka 2002 mwandishi wa habari mmoja alifariki New York siku chache baada ya kumpa kaka yake sehemu ya ini. Upandikizaji wa aina hiyo ulisimamishwa katika hospitali alikofanyiwa upasuaji, na jimbo likaweka mwongozo kwamba kila mchangiaji awe na timu ya kumtetea yeye peke yake. Hospitali ikikupa daktari mmoja wa kuwasemea nyote wawili, omba mwingine.

La pili, mazungumzo ya faragha. Mtu wa familia asikae chumbani, wala asitumike kama mkalimani. Kama hujui Kiingereza vizuri, omba mkalimani wa hospitali.

La tatu, haki ya kughairi mpaka dakika ya dawa ya usingizi. Hospitali nzuri itakulinda kwa kusema tu kwamba hukufaa kuchangia, bila kutaja sababu. Uliza mapema kama hufanya hivyo.

La nne, siri ya majibu yako. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Saratani nyingi za ini Afrika hutokana na homa ya ini B, na virusi hivyo mara nyingi hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake au huenea kati ya watoto wanaolelewa pamoja. Ukienda kupimwa kwa ajili ya kaka yako, unaweza kurudi na habari kwamba wewe pia unavyo. Unaweza kujua hali yako ya VVU. Na pale ambapo sheria inataka uthibitisho wa undugu kwa vipimo vya vinasaba, unaweza kusikia kwamba baba uliyemjua siye aliyekuzaa. Kabla ya damu kutolewa, kubaliana na daktari kwa maandishi nani ataambiwa nini.

Kisha jihesabie maisha yako. Utalala hospitali wiki moja hivi, na hutarudi kwenye kazi ya kawaida kwa wiki sita hadi kumi na mbili. Ukiwa bodaboda, mama lishe au kibarua wa shamba, muda huo ni mrefu zaidi, maana tumbo lililokatwa halibebi ndoo wala gunia. Nani atawalisha watoto? Ada italipwa na nani? Ukiwa mwanamke unayetumia vidonge vya kupanga uzazi, mwambie daktari, kwa kuwa baadhi huongeza hatari ya damu kuganda na huachwa kabla ya upasuaji. Uliza pia ungoje muda gani kabla ya kubeba mimba.

Halafu jiulize swali ambalo wachache huuliza: saratani ikirudi baada ya mwaka, nitaweza kuishi na uamuzi huu bila kumlaumu mtu? Ukiona jibu ni ndiyo, na hesabu ya daktari ni nzuri, utoe kwa moyo mkunjufu. Ni miongoni mwa matendo makubwa ambayo binadamu anaweza kumtendea mwenzake, na hakuna anayepaswa kukuzuia kwa woga wake mwenyewe.

Ukiwa wewe ndiye mgonjwa

Una sauti kubwa kuliko unavyodhani, na watoto wako wanasubiri kuisikia. Usimtaje mtu. Eleza hali yako kwa wote, na aliye tayari amwendee daktari mwenyewe, kimya kimya, asiyetaka asionekane. Sema mbele ya wakubwa kwamba atakayekataa bado ni mwanao au ndugu yako, na jina lake lisitajwe vibaya baada ya mazishi wala baada ya kupona. Kauli hiyo ikitoka kwako, hakuna shangazi wala baba mkubwa atakayeweza kuipindua.

Mtoto aliye chini ya miaka 18 asihusishwe kabisa. Na wewe pia una haki ya kukataa. Mzazi akisema hataki mwanawe akatwe kwa ajili yake, asisukumwe kana kwamba amekata tamaa.

Ukiwa mwenye kuongoza kikao

Kikao kinaweza kuamua kuuza ng'ombe au kuchangisha nauli. Hakiwezi kupigia kura mwili wa mtu. Kazi yako ni kuhakikisha majibu ya daktari yamesomwa kwa sauti mbele ya wote, kisha kuachia nafasi.

Kwenye fedha, tenganisha fidia na malipo. Azimio la Istanbul la mwaka 2008 linapinga kuuza na kununua viungo, lakini linakubali mchangiaji arudishiwe gharama zake. Bajeti ya harambee, basi, iwe na fungu la mchangiaji: tiketi yake, malazi, kipato alichokosa, na vipimo vyake vya ufuatiliaji. Kiwanja, gari au ahadi ya urithi kama shukrani ya ini ni bei, hata kikiitwa zawadi.

Kwa wanaokwenda India, sheria ya viungo ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2011, inataja jamaa wa karibu: mume au mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, babu, bibi na wajukuu. Mjomba, shangazi na mtoto wa baba mdogo hawamo. Mgeni yeyote lazima apite mbele ya kamati ya idhini, na ubalozi wa nchi yake uthibitishe undugu. Kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vishughulikiwe mapema, hasa kama majina yanatofautiana kati ya cheti na pasipoti. Raia wa India haruhusiwi kumpa mgeni kiungo isipokuwa ni jamaa yake wa karibu. Wakala akikuambia mtampata mtu hukohuko, au akajitolea kumgeuza jirani kuwa kaka kwenye karatasi, anakuingiza kwenye jinai, na masikini mmoja ataumia kwa jina lako.

Watu watauliza dini inasemaje. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu (OIC), lilipokutana Jeddah mwaka 1988, liliruhusu mtu hai kutoa sehemu ya mwili wake kwa masharti, yakiwemo kwamba faida izidi madhara na maisha ya mtoaji yasitegemee kinachotolewa. Papa Yohane Paulo wa Pili, akihutubia wataalamu wa upandikizaji mjini Roma mwaka 2000, alisifu kutoa viungo kama tendo la upendo, akasisitiza ridhaa na kukataa biashara. Pande zote mbili zinaruhusu na hakuna upande unaolazimisha. Sheikh au padri aitwe ili amsikilize mchangiaji, asiitwe kumshawishi.

Baada ya kurudi nyumbani

Kabla hamjasafiri, mpateni daktari wa hapa atakayewafuatilia wote wawili, na mhakikishe dawa kama takrolimasi zinapatikana na familia inazimudu mwezi hadi mwezi. Mgonjwa akikosa dawa hizo, ini alilopewa litakataliwa na mwili, na hatari aliyobeba ndugu yake itakuwa imepotea bure. Mchangiaji naye arudi na ripoti ya upasuaji wake mkononi, apimwe damu kwa ratiba aliyopewa, na asisahaulike kwa kuwa eti yeye ni mzima. Mgonjwa akifariki, wa kwanza kufarijiwa awe yeye.

Ikiwa jibu ni kwamba hakuna wa kuombwa

Jibu hilo halimaanishi mgonjwa ameachwa. Zipo dawa za kupunguza kasi ya saratani ya ini, na ipo tiba shufaa ya kutuliza maumivu, kupunguza maji ya tumbo na kumwezesha mtu kukaa na watu wake akiwa na utulivu. Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Nairobi Hospice, na Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 zina uzoefu wa miaka mingi. Fedha ambayo ingekwenda kwenye upasuaji usio na maana inaweza kumpa mgonjwa huduma hiyo na kuwaachia watoto ada.

Na iwe ndiyo au hapana, kuna kazi moja inayowahusu wote waliokaa kwenye kikao. Watoto wa Kenya na Tanzania walianza kuchanjwa homa ya ini B katika ratiba ya kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo watu wazima wengi hawakuipata. Kila mmoja akapime wiki hii. Aliye na virusi aanze kufuatiliwa na bingwa, maana dawa zipo na uvimbe ukionekana mapema huwa ndani ya vigezo. Asiye navyo na asiye na kinga achanjwe, dozi tatu hadi ziishe. Mahindi na karanga nazo zikaushwe vizuri na zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa sumukuvu huliharakisha ini lenye virusi kuelekea kwenye saratani. Ndugu anayechanjwa leo ana nafasi kubwa zaidi ya kutohitaji ini la mtu.